Namna ya Kuchunguza Miamba ya Mashapo Katika Matembezi ya Pwani

Anayeanza kuchunguza miamba ya pwani huuliza maswali yaleyale ambayo wengine wameyauliza kabla yake: atajuaje kwamba jiwe alilolishika ni la mashapo na si la volkeno, tabaka lipi limetangulia jingine, kwa nini mistari mingine imelala mshazari, na je, anaruhusiwa kuondoka na kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba, alichokiokota? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia maandalizi ya nyumbani hadi ukurasa wa mwisho wa daftari. Si lazima uwe umesoma jiolojia. Inatosha uweze kutembea juu ya mawe kwa saa chache, na uwe tayari kukaa muda mrefu mbele ya ukuta mmoja wa mwamba badala ya kupita kumi kwa haraka.

Kanuni moja itakusaidia kuliko nyingine zote: eleza unachokiona kabla ya kukipa jina. Mtu akishasema "hili ni jiwe la chokaa", macho yake huacha kufanya kazi, na kila anachokiona baada ya hapo hukilazimisha kiafikiane na jina alilokwisha kulitoa. Anayeandika "kijivu, chembe hazionekani kwa macho, linatoa povu kwenye siki, lina vipande vya magamba ya konokono" anabaki na ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuupima, hata kama jina lenyewe litabadilika baadaye.

Nadharia ya kutosha kuanzia

Miamba ya mashapo hutokana na mchanga, tope, kokoto, magamba ya wanyama au chumvi zilizotuama mahali, zikafunikwa na mashapo mengine, zikabanwa na uzito wake, na hatimaye zikagandishwa na madini yaliyoletwa na maji yanayopenya kati ya chembe. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia, alichapisha kanuni ambazo bado zinatosha kwa siku nzima ya matembezi: matabaka hutuama yakiwa karibu mlalo, lililo chini ni la zamani kuliko lililo juu yake, na kila tabaka huenea pande zote mpaka likutane na kizuizi au likonde na kuisha. Ongeza hapo kwamba chochote kinachokata matabaka, kiwe ufa au mshipa wa mwamba wa volkeno, kimekuja baada ya matabaka hayo. Mengine utajifunza ukiwa mbele ya ukuta.

Vitu vya kuandaa

- Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la bandari iliyo karibu zaidi na ufuo unaokwenda, la tarehe ileile.
- Ramani ya njia na, ikipatikana, ramani ya jiolojia ya eneo. Taasisi za jiolojia za nchi nyingi huchapisha ramani hizo, na baadhi huziweka wazi mtandaoni.
- Viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, vyenye soli iliyochongwa meno. Malapa hayafai hata kwa mwendo mfupi.
- Kofia ngumu, ikiwa utapita karibu na genge, yaani ukuta wa mwamba unaosimama wima juu ya ufuo.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10.
- Daftari lenye jalada gumu, penseli na rula. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu, wakati wino hutawanyika.
- Chupa ndogo ya siki nyeupe na nyingine ya maji safi.
- Dira, au simu yenye programu ya kupima mwelekeo na mwinamo.
- Maji ya kunywa, kofia ya jua, koti la mvua, filimbi na simu yenye chaji ya kutosha.

Nyundo sikuiweka katika orodha, na si kwa kusahau. Mawe yaliyokwisha kuanguka yana nyuso mpya za kutosha kwa anayeanza, na anayegonga genge huangusha juu ya kichwa chake mwenyewe yale ambayo bahari ilikuwa bado haijayaangusha, mbali na kuharibu kitu ambacho wengine wangependa kukiona mahali pake. Asidi hidrokloriki, ambayo wataalamu huibeba katika chupa ndogo, pia iache. Siki inatosha kwa kazi yako.

Hatua za kufuata

1. Soma jedwali la maji kabla ya jambo jingine lolote.

Hatari kubwa ya matembezi haya ni bahari, na jinsi inavyojaa haifanani na vile wengi wanavyodhani. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban saa 24 na dakika 50, hivyo kutoka kupwa hadi kujaa ni kiasi cha saa 6 na dakika 12, ingawa zipo pwani ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ugawe mpando wote katika mafungu 12: katika saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu 3, saa ya nne 3, saa ya tano 2, na saa ya sita 1. Pwani ambayo tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3.6 itapanda sentimita 30 tu katika saa ya kwanza, na mtembezi atajiona yuko salama; kisha katika saa ya tatu na ya nne itapanda sentimita 90 kila saa, na mchanga aliokuwa akiutembelea utakuwa umetoweka. Hesabu hii ni ya makadirio, na katika ghuba zenye umbo la pekee haifuati sawasawa, lakini inaonyesha kwa nini watu hunaswa.

Panga kuingia ufuoni maji yakiwa bado yanapwa, kiasi cha saa mbili kabla ya kupwa kwenyewe, na uanze kurudi wakati wa kupwa unapofika, hata kama umeona kitu kizuri mbele yako. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana na kufunua mawe ambayo siku nyingine hayaonekani, ila pia hujaa juu zaidi na kwa nguvu zaidi. Siku za maji mafu hufunua kidogo, na kwa anayeanza huenda zikawa bora kwa sababu tofauti ni ndogo. Kumbuka vilevile kwamba jedwali linakadiria nguvu za mwezi na jua peke yake: kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka kwa takriban sentimita 1, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu huongeza juu ya hapo.

Tahadhari mbili ndogo zimewaponza wengi. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya majedwali hayafuati saa za kiangazi za nchi zinazobadilisha saa, hivyo hukosea kwa saa nzima. Ya pili inatuhusu sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo: jedwali linahesabu kuanzia usiku wa manane, na 15:00 yake ni saa tisa alasiri. Andika saa hizo upya katika daftari kwa namna unayoizoea, kabla hujaondoka.

2. Weka alama kwenye njia za kutokea.

Tazama ramani na utambue kila rasi inayoingia baharini, kwa kuwa maji yanapojaa hugusa rasi kwanza na kuifunga ghuba iliyo kati ya rasi mbili huku ufuo wake ukiwa bado mkavu. Kwa kila ghuba jiulize ni wapi utapanda kwenda juu iwapo rasi zote mbili zimefungwa. Kama hakuna mahali, ghuba hiyo ni ya kupita haraka, si ya kuketi na kuchora. Mwachie mtu taarifa ya njia yako na saa utakayorudi.

3. Ukifika, simama mbali na utazame ukuta mzima.

Rudi nyuma mpaka genge lote lienee mbele ya macho yako. Hapo, kabla hujagusa jiwe lolote, chora mchoro wa haraka wenye mistari mikubwa tu: mahali matabaka mazito yalipo, yanakoelekea, mahali yanapokatika, na mahali rangi inapobadilika ghafla. Mchoro huo haudai ufundi. Kazi yake ni kukulazimisha uone mpangilio wa jumla, ambao hupotea mara tu unapousogelea ukuta.

Ukiwa palepale, kagua usalama wa genge. Sehemu zenye rangi mpya isiyochakaa, rundo la mawe yasiyo na mwani chini yake, na vijiwe vinavyodondoka kimoja kimoja ni dalili kwamba mahali hapo pameporomoka karibuni na huenda pakaendelea. Hatari huongezeka baada ya mvua kubwa, na pia pale matabaka yanapoinama kuelekea baharini, kwa sababu tabaka la juu linaweza kuteleza juu ya lile la chini. Kanuni ya kukaa umbali usiopungua kimo cha genge lenyewe ni ngumu kuifuata katika ufuo mwembamba, na pale isipowezekana ni heri kuchunguza mawe yaliyoanguka zamani, yaliyo mbali na ukuta, ambayo mara nyingi yana nyuso safi kuliko ukuta wenyewe.

4. Hakikisha kwamba unachokitazama ni mashapo.

Si kila chenye mistari ni mashapo. Lava hutiririka moja juu ya nyingine na kujenga ngazi zinazofanana na matabaka. Miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo huwa na mistari ya madini iliyopindapinda. Na nyufa zilizonyooka, zinazopita sambamba katika mwamba, humfanya mtu ahesabu matabaka yasiyokuwapo. Tafuta chembe zilizotenganishwa na kitu kinachozigandisha, magamba au visukuku, na mabadiliko ya ukubwa wa chembe kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Mwamba ambao fuwele zake zimeng'ang'aniana bila nafasi kati yake huenda si mashapo. Mstari ukikatiza mwamba bila chembe kubadilika juu na chini yake, huo ni ufa na si mpaka wa matabaka.

Pwani ina mtego mwingine wa pekee. Mchanga wa ufuo katika maeneo yenye joto huweza kugandishwa na chokaa ya maji ya bahari katika muda mfupi sana, ukawa mwamba mgumu unaoinama kuelekea majini. Ni mashapo kweli, lakini ukikuta kipande cha chupa ndani yake usishangae.

5. Soma chembe.

Chukua kipande kilichoanguka chenye uso mpya. Lenzi ishike karibu kabisa na jicho, kisha uliinue jiwe mpaka lionekane wazi. Wanaoanza wengi huishikilia lenzi mbali na jicho, wakaona duara dogo lenye ukungu na kudhani lenzi ni mbovu. Pima kwa rula: chembe zinazozidi milimita 2 ni kokoto, zilizo kati ya milimita 2 na takriban 0.06 ni mchanga, na ndogo kuliko hapo ni tope. Usipoziona chembe hata kwa lenzi na jiwe likawa laini kwenye kidole, andika kuwa ni jiwe la tope.

Andika pia umbo. Chembe zenye pembe kali hazikusafiri mbali, na zilizoviringika zimesuguana kwa muda mrefu majini au katika upepo. Kokoto, mchanga na tope vikiwa vimechanganyika katika tabaka moja, mara nyingi vilibwagwa kwa pamoja na kwa ghafla. Chembe zote zikilingana, kuna mkondo, mawimbi au upepo uliozichambua kwa subira.

Rangi iandike mwisho na usiiamini sana. Wekundu huashiria chuma kilichokutana na oksijeni, na weusi mara nyingi hutokana na mabaki ya viumbe yaliyofukiwa pasipo hewa, ila maji yanayopita katika mwamba huacha pete na mikanda ya kutu inayokatiza matabaka halisi, na wengi wamezichora pete hizo kwa makini wakidhani ni matabaka.

6. Jaribu kwa siki.

Dondosha siki juu ya uso mpya wa kipande kilichoanguka na utazame kwa lenzi. Viputo vinavyotoka ni kaboni dayoksaidi, na vinaonyesha kuwapo kwa kalisi kaboneti. Suuza kwanza chumvi na vipande vya magamba ya juzi vilivyonata juu ya jiwe, la sivyo utapima konokono wa wiki iliyopita. Mchanga uliogandishwa kwa chokaa nao hutoa povu, kwa hiyo povu peke yake halikuambii kwamba jiwe zima ni la chokaa. Tazama kama chembe zenyewe zinamong'onyoka au ni kile tu kilicho kati yake.

7. Tafuta alama zilizofungwa ndani ya matabaka.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote, na ndipo ningekushauri utumie nusu ya muda wako. Alama hizi hueleza maji au upepo ulikuwa ukienda wapi, na upande upi wa tabaka ulikuwa juu wakati linatuama. Jambo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ardhi huweza kulikunja tabaka hadi likapinduka kabisa, na hapo kanuni ya Steno inamdanganya anayeisoma bila uangalifu.

*Mistari ya mshazari ndani ya tabaka moja.* Mchanga unapoburutwa na mkondo huporomoka upande wa mbele wa kilima kidogo, ukiacha vitabaka vilivyoinama kuelekea mkondo ulikokuwa ukienda. Vitabaka hivyo hujipinda taratibu vinapokaribia chini, na juu hukatwa ghafla na tabaka linalofuata. Mkato mkali ukiwa chini na mpindo ukiwa juu, shuku kwamba tabaka limepinduka. Vilima vya mchanga wa upepo huacha mishazari mikubwa, wakati mwingine ya mita kadhaa, inayokaribia mwinamo wa nyuzi 30 na zaidi kidogo. Kosa la kawaida ni kuipima mishazari hii na kuiandika kama mwinamo wa mwamba mzima.

*Viwimbi.* Viwimbi vilivyofanywa na mawimbi ya kwenda na kurudi vina pande mbili zinazolingana na kilele kilichochongoka juu. Vya mkondo wa upande mmoja vina upande mrefu wa taratibu na upande mfupi mkali, na ule mkali ndio unaotazama mkondo ulikokwenda. Maji yakiwa yamekupwa, bahari imekuandalia kielelezo bure: geuka, utazame viwimbi vya leo katika mchanga ulio nyuma yako, upime umbali kati ya vilele vyake, kisha ulinganishe na vile vya kwenye mwamba.

*Nyufa za tope lililokauka.* Huchora maumbo yenye pembe nyingi juu ya uso wa tabaka, na zikionekana kwa ubavu ni pana juu na nyembamba chini, zikiwa zimejazwa mchanga uliokuja baadaye. Zinathibitisha kwamba mahali hapo palikauka kwa muda.

*Chembe zinazopungua ukubwa kuelekea juu.* Tabaka linaloanza na mchanga mnene na kuishia na tope laini huenda liliachwa na mkondo mzito wa mashapo ulioporomoka chini ya bahari na kupoteza nguvu. Mwaka 1929 tetemeko la Grand Banks, karibu na Newfoundland huko Kanada, liliporomosha mashapo yaliyokata nyaya za telegrafu zilizolala chini ya bahari, moja baada ya nyingine, kwa muda wa saa kadhaa. Kwa hiyo usihesabu matabaka kama miaka: tabaka nene linaweza kuwa kazi ya siku moja, na kitabaka chembamba cha tope kilicho juu yake kikawa kimechukua karne nyingi.

*Mashimo ya wanyama.* Minyoo na kaa wa kale waliacha mirija iliyojaa mchanga wa rangi tofauti. Ielekee kuwa wima au mlalo, iandike ilivyo. Ni ushahidi kwamba sakafu ya maji ilikuwa na oksijeni ya kutosha viumbe kuishi.

8. Pima mwinamo.

Tafuta uso wa tabaka uliotandaa, usiwe wa kipande kilichoanguka. Mimina maji kidogo: yatakakotiririka ndiko tabaka linakoinamia. Weka daftari juu ya uso huo ili kusawazisha mabonde madogo, kisha uweke simu au kipimo juu ya daftari kwa kufuata mkondo wa maji, na uandike pembe pamoja na upande, kwa mfano "nyuzi 25 kuelekea kusini-mashariki". Rudia mahali pengine patatu katika tabaka hilohilo.

Onyo kubwa la hatua hii ni kwamba ubavu wa genge haukuonyeshi mwinamo wa kweli isipokuwa kwa bahati. Tabaka linaloinama moja kwa moja kuelekea baharini litaonekana limelala mlalo kabisa kwa anayelitazama akiwa amesimama ufuoni. Nenda kwenye kona ya rasi, ambako ukuta unageuka, na utazame nyuso mbili za mwamba kwa pamoja kabla ya kuamua.

9. Tafuta mahali ambapo mpangilio unavunjika.

Ukikuta ufa uliohamisha matabaka, tafuta tabaka lenye sifa ya pekee upande mmoja, ulitafute tena upande wa pili, na upime limehama kiasi gani. Ukikuta ukuta wa mwamba mweusi unaokatiza matabaka, tazama kama mashapo yanayougusa yamebadilika rangi au yamekuwa magumu kwa kuungua. Huo ni mshipa wa volkeno, na umri wake ni mdogo kuliko wa vyote unavyovikata.

Mvunjiko wenye maana kubwa zaidi ni ule ambao matabaka ya chini yanaelekea kwingine kabisa na yale ya juu. Mwaka 1788 James Hutton, mwanajiolojia wa Uskoti, na wenzake wawili walifika kwa mashua katika rasi ya Siccar Point, Uskoti, wakakuta matabaka ya kijivu yaliyosimama karibu wima yakiwa yamefunikwa na mchanga mwekundu ulioinama kidogo tu. Ili hali hiyo itokee ilibidi mashapo ya kwanza yatuame, yawe mwamba, yainuliwe na kusimamishwa, yaliwe na mmomonyoko, kisha mashapo mapya yatuame juu yake. Leo pengo lililo kati ya makundi hayo mawili linakadiriwa kuwa la makumi ya mamilioni ya miaka. Katika ufuo wako tafuta mpaka wa namna hiyo, na uangalie kama juu yake kidogo kuna kokoto zilizotokana na mwamba wa chini.

10. Visukuku: tazama, piga picha, uliza sheria.

Vingi huonekana katika mawe yaliyoanguka na kusuguliwa na mawimbi. Tafuta mpangilio wa kujirudia, kama mikunjo ya gamba au vyumba vya konokono, kwa kuwa mawe hufanya maumbo mengi ya kubahatisha; vigonge vya duara vilivyogandishwa na madini huchukuliwa kila siku kuwa mayai. Kundi la kisukuku linaweza kukupa mipaka ya umri: trilobiti, wanyama wa baharini wenye gamba lililogawanyika vipande, walitoweka takriban miaka milioni 252 iliyopita, na amonaiti, jamaa wa ngisi wenye gamba la mzunguko, takriban milioni 66. Ukidhani umewakuta katika mashapo ya karne hii, tazama tena.

Kisukuku kilichomo ndani ya mwamba kiache. Kina thamani kubwa pale kilipo, kwa sababu tabaka lake ndilo linalokitolea ushuhuda. Huko Joggins, Kanada, vigogo vya kale bado vimesimama wima ndani ya genge jinsi vilivyofukiwa, na kama kila mgeni angeondoka na kipande kusingekuwa na cha kuona. Kuhusu vilivyolegea, sheria zinatofautiana: baadhi ya pwani huruhusu, hifadhi nyingi hukataza hata kokoto, na ziko nchi ambako kila kisukuku ni mali ya umma. Uliza kabla ya safari.

11. Andika safu yako.

Anza na tabaka la chini kabisa unaloweza kulifikia na uchore kuelekea juu, jinsi mashapo yenyewe yalivyojijenga. Kwa kila tabaka andika unene, ukubwa wa chembe, rangi, matokeo ya siki, alama na visukuku. Piga picha tatu: ya mbali, ya kati na ya karibu, kila moja ikiwa na rula au penseli ndani yake, kwa kuwa picha ya mwamba isiyo na kipimo inaweza kuwa ya sentimita tano au ya mita hamsini. Andika saa na mahali kila unapohama.

Mambo yanapokwama

Matabaka hayaonekani kabisa. Huenda mwamba ni tabaka moja nene, au uso wake umechakaa. Mwagia maji: unyevu hukoleza tofauti za rangi. Mwanga wa jua likiwa chini, asubuhi au jioni, huonyesha mistari ambayo mchana hufichwa na mwanga wa utosini.

Jiwe linafanana na la chokaa lakini siki haitoi povu. Likwaruze kwa kisu na udondoshe siki juu ya unga wake. Povu hafifu likitokea kwenye unga pekee, huenda ni dolomiti, mwamba unaofanana na wa chokaa lakini wenye magnesi. Kisu kisipoacha mkwaruzo, jiwe hilo huenda limegandishwa kwa silika, madini magumu kuliko chokaa.

Vipimo vya dira vinatofautiana mahali palepale. Ondoa jalada la simu lenye sumaku, sogea mbali na chuma, kisha sawazisha programu upya. Miamba yenye madini ya sumaku pia hupotosha dira. Katika hali hiyo tumia ramani na uelekeo wa rasi inayojulikana.

Mawe yote yamefunikwa na mwani. Panda juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, au tazama mawe yaliyobingirika. Usitembee juu ya mwani wa kijani ulio laini, hasa penye mteremko, kwa kuwa huteleza kuliko kitu chochote kingine ufuoni.

Maji yamefunga rasi na uko ndani ya ghuba. Usijaribu kuvuka majini, na usipande genge. Nenda mahali pa juu zaidi pasipokuwa chini ya mawe yaliyolegea, piga simu ya dharura ya eneo hilo, tumia filimbi, na usubiri.

Umerudi na picha nyingi na hujui ipi ni ya wapi. Zipange kwa saa zilizohifadhiwa ndani ya picha na uzilinganishe na saa ulizoandika katika daftari. Ifanye kazi hiyo jioni ileile, kabla sura ya ukuta haijakutoka, na kila picha isiyopata mahali pake katika safu iwekewe alama ya kuuliza badala ya kukisiwa.